Kriketi: wakubwa waliandika sheria, wafanyakazi wakajenga muchezo

Watu wa rika langu hapa Bunia hawajasahau ile miaka ya nyuma ya vita ya 2003, wakati askari wa MONUC kutoka Bangladesh walikuja kukaa kwetu. Siku ya mapumziko walikuwa wanasimamisha vijiti vitatu mu mavumbi. Mumoja anashika mbao pana, mwengine anakimbia toka mbali na kumutupia mupira mudogo muzito. Sisi vijana tulisimama kando ya waya tukicheka. "Hawa batu banafanya nini? Goli iko wapi?" Walicheza tangu asubui mpaka jua kuinama, na hatukujua nani ameshinda.

Siku ile nilijifunza jina tu: kriketi. Historia yake niliikuta miaka mingi nyuma, wakati nilikuwa nimeanza kazi ya sendika na ninasoma kila karatasi yenye ninapata juu ya wafanyakazi wa inchi zingine. Nilishangaa. Ndani yake nilikuta mabwana wenye pesa, watu wa shimo, mapatano ya mudomo, migomo, na mulango wa mutumishi kando ya mulango wa bwana. Ndiyo sababu ninawaandikia leo, wachimbaji wenzangu, ninyi pamoja na wamama na watoto wenye kutungoja nyumbani.

Muchezo wenyewe

Kwa wenye hawajauona: kuko ekipe mbili, kila moja watu 11. Katikati ya uwanja kuko njia ya udongo yenye kutwangwa vizuri, urefu wake karibu metre 20. Kwa kila mwisho wa ile njia, vijiti vitatu vimesimama. Mutupaji anatafuta kuangusha vijiti na mupira. Mupigaji anavilinda na mbao yake. Akipiga mupira mbali, anakimbia toka mwisho huu mpaka ule, na kila mara anapata pointi moja. Vijiti vikianguka, ao mupira ukidakwa mbele ya kugusa chini, mupigaji anatoka. Watu 10 wakitoka, ekipe ile imemaliza, na ingine inashika mbao. Mwenye pointi nyingi ndiye mushindi.

Ulizaliwa Uingereza ya kusini, kwa wachungaji na watoto wa vijiji. Alama yake ya zamani yenye tunaweza kuamini iko katika karatasi za tribinali, na ilikuwa kesi ya udongo! Mwisho wa miaka ya 1500, katika muji wa Guildford, watu waligombania kiwanja. Shahidi John Derrick, mutu wa miaka 59, aliapa ya kwamba wakati alikuwa mwanafunzi, yeye na wenzake walicheza kriketi pahali pale. Hesabu inatupeleka karibu mwaka 1550. Sisi watu wa Ituri tunafahamu kesi za namna hii: muzee anaitwa mbele ya watu aseme nani alilima pale, nani alichunga pale, na neno lake linakuwa mupaka.

Wakati pesa iliingia

Kwa miaka zaidi ya mia, kila kijiji kilicheza ginsi kilipenda. Kilichobadilisha mambo ni pesa. Katika miaka ya 1700 mabwana wenye mashamba makubwa walianza kuwekeana dau juu ya kriketi, na hesabu ya dau ilikuwa kubwa sana. Kila bwana alitafuta wachezaji hodari: mutunza bustani wake, muchunga farasi wake, fundi wa kijijini. Edward Stevens, mutupaji mukubwa wa wakati ule, wenye walimuita "Lumpy", alikuwa mutunza bustani wa bwana mumoja wa cheo. Bwana anaweka dau, mutunza bustani anatupa mupira.

Lakini pesa ikiwa nyingi, mabishano nayo yanakuwa mengi. Mwaka 1727 duke wa Richmond na mwenzake Brodrick walikuwa na ekipe zao, na mbele ya kucheza waliandika mapatano kwa karatasi. Ni ya kwanza yenye tunajua. Ndani yake kuko ginsi ya kupiga, ginsi ya kutoka, na idadi ya wachezaji. Kuko pia mustari mumoja wenye uliniuma roho. Unasema hivi: muchezaji yeyote akifungua kinywa na kutoa mawazo yake juu ya jambo la muchezo, afukuzwe. Ni watu wawili tu wenye haki ya kusema: Richmond na Brodrick.

Niliweka karatasi chini, nikakumbuka karieri moja yenye nilifanya kazi nikiwa kijana. Tulikuwa watu kumi na wawili katika shimo. PDG wetu alipatana nasi kwa mudomo: siku tutafikia jiwe lenye zahabu, mifuko itagawanywa nusu kwa nusu. Tulichimba miezi mitano, tukala muhogo na sombe, tukapompa maji usiku na mchana. Siku jiwe lilitoka, akasema ile nusu inahesabiwa nyuma ya kutosha deni la mazutu, deni la chakula, deni la pompe, na deni zingine zenye hatukuzisikia hata siku moja. Mwenzetu mumoja akauliza: "Papa, hii maneno iko wapi mu mapatano yetu?" Akajibiwa: "Wewe ni nani ya kuniuliza?" Kesho yake yule mwenzetu hakuwa tena katika shimo. Nilirudia nyumbani na pesa yenye haikutosha kulipa masomo ya mutoto mumoja.

Hatukuwa na karatasi. Lakini mustari wa Richmond unatufundisha jambo la pili: hata karatasi ikiwa pale, angalia nani ameiandika.

Mbao pana kama mulango

Mwaka 1744 mabwana wa klabu moja ya London waliandika sheria kamili za kwanza: urefu wa njia, uzito wa mupira, kipimo cha vijiti, kazi ya arbitri. Toka siku ile mutu wa kijiji kimoja aliweza kucheza na mutu wa kijiji cha mbali bila kupigana juu ya vipimo.

Sheria zingine zilitoka uwanjani, kwa macho ya wachezaji wenyewe. Mwaka 1771 mupigaji Thomas White alikuja kucheza na ekipe ya kijiji cha Hambledon. Alikuwa na mbao pana sawa na vijiti vyenyewe! Mupira ungepita wapi? Hapakuwa na sheria ya kumukataza, kwa sababu hakuna mutu alifikiri juu ya ujanja huo. Wachezaji wa Hambledon walilalamika, na waliandika lalamiko lao kwa karatasi. Ikaamuliwa ya kwamba upana wa mbao usipite kipimo fulani, karibu sentimetre 11. Kipimo kile hakijabadilika mpaka leo.

Tena mwaka 1775. Zamani zile vijiti vilikuwa viwili tu. Yule Lumpy alitupa mupira vizuri, mara tatu ukapita katikati ya vijiti viwili bila kuviangusha, na mupigaji akabaki. Watu wote waliona ya kwamba kazi nzuri haikupata malipo yake. Nyuma ya pale kijiti cha tatu kiliongezwa.

Mwaka 1787 klabu ya Marylebone, yenye wanaita MCC, ilianzishwa London kwenye kiwanja cha mufanyabiashara Thomas Lord. Mwaka wenye ulifuata ikatoa sheria zake, na mpaka sasa ni yeye mulinzi wa sheria za kriketi kwa dunia nzima. Hivi ndivyo muchezo wa kijiji ulikuwa muchezo wenye mupango: sheria moja, arbitri mumoja kwa kila upande wa njia, na pahali pa kupeleka lalamiko.

Milango miwili

Lakini ndani ya mupango ule kulikuwa ukuta. Toka mwaka 1806 kulikuwa mechi ya Mabwana na Wachezaji. "Mabwana" walikuwa watu wa jamaa za mali, wenye kusema wanacheza kwa kupenda tu. "Wachezaji" walikuwa wenye kulipwa: mafundi, wafumaji, wachimba makaa. Hata wakati walikuwa katika ekipe moja, kila kundi lilikuwa na chumba chake cha kuvalia nguo, na katika viwanja vingi kila kundi lilikuwa na mulango wake wa kuingilia. Kwenye karatasi ya pointi, jina la bwana liliandikwa kwa heshima, la mufanyakazi likaandikwa kavu. Kazi nzito ya kutupa mupira siku nzima, mara nyingi ilikuwa ya wafanyakazi. Ukapiteni ulikuwa wa mabwana. Katika karne ya 20, Uingereza haikupata kapiteni mwenye kulipwa mbele ya mwaka 1952, na yule alikuwa Len Hutton.

Pesa nayo ilikuwa na vituko vyake. Mwaka 1873 ekipe moja ya Uingereza ilisafiri Australia. W. G. Grace, daktari, nyota wa wakati ule, alihesabiwa kuwa bwana, mutu wa kucheza bure. Alipata paundi 1,500. Wafanyakazi, wenye waliitwa watu wa kulipwa, walipata 170 kila mutu, na ndani ya mashua walisafiri kilasi ya pili. Kwa hiyo uliza siku zote: mwenye kusema anafanya kazi bure, mufuko wake una nini?

Wale wafanyakazi hawakunyamaza. Mwaka 1846 fundi wa matofali wa Nottingham, William Clarke, aliunda ekipe ya watu wenye kulipwa, akaizungusha katika miji ya Uingereza kwa treni. Watu wengi wa vijijini waliona kriketi nzuri mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini Clarke mwenyewe aliposhika sanduku la pesa, akaanza kuwabana wenzake. Mwaka 1852 John Wisden na James Dean walitoka pamoja na wengine wakaunda ekipe yao. Mutu wetu akipanda kiti, si lazima abaki mutu wetu. Sisi wa sendika tunapaswa kukumbuka hiyo kwanza.

Mwaka 1881 wachezaji saba wa Nottingham, wakiongozwa na Alfred Shaw na Arthur Shrewsbury, walifanya mugomo, ile sisi tunaita greve. Waliomba mukataba wa kweli. Klabu ilikataa, ikacheza na watu wengine, na wagomaji wakarudi mumoja mumoja. Mwaka 1896 wachezaji watano waliomba paundi 20 pahali pa 10 kwa mechi kubwa na Australia. Wakubwa walikataa tena. Watatu wakarudi kucheza, wawili wakabaki inje. Migomo yote miwili ilivunjika namna moja: wagomaji hawakubaki pamoja mpaka mwisho.

Mutoto wa shimo

Yule mwenye ninamupenda kuliko wote alikuwa wa kazi yetu. Harold Larwood alizaliwa mwaka 1904 katika kijiji cha wachimba makaa, Nuncargate, karibu na Nottingham. Baba yake alikuwa muchimbaji. Akiwa na miaka 14 alianza kazi ya mugodi, kuongoza farasi wadogo wenye kuvuta makaa chini ya udongo. Ile kazi ilimupa mugongo na mabega. Kule watu walikuwa wanasema kwa mzaha: ukikosa mutupaji, piga filimbi kwenye mudomo wa shimo, atapanda mumoja.

Larwood alikuwa na mbio ya kutisha. Mwaka 1932 Uingereza ilienda Australia. Kapiteni, Douglas Jardine, bwana wa masomo makubwa, alimuagiza atupe mupira upande wa mwili wa wapigaji ili waogope. Alitii. Alitosha wapigaji 33 katika mechi tano, na Uingereza ikashinda nne. Lakini watu waliumizwa, Australia ikakasirika, serikali zikaingia kati. Halafu Larwood aliombwa atie sahihi karatasi ya kuomba musamaha. Akakataa: alitupa ginsi kapiteni wake alimuagiza, aombe musamaha wa nini? Hakuchezea tena Uingereza hata siku moja. Jardine, mwenye kutoa agizo, aliongoza ekipe tena nyuma ya pale. Mwaka 1950 Larwood alihamia Australia na jamaa yake, na wale wenye aliwatupia mupira wakamupokea vizuri.

Mwaka 1962 ule ugawanyo wa Mabwana na Wachezaji ulifutwa. Mwaka 1967 wachezaji wa Uingereza wakaunda sendika yao. Ukihesabu toka mustari wa Richmond wa kufunga vinywa, ni miaka 240.

Ng'ambo ya Ziwa Albert

Kriketi ilifika pia kwa majirani zetu. Waingereza waliicheza Unguja, kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja. Walijenga reli toka Mombasa kuelekea Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, kwa mikono ya Wahindi karibu 32,000. Wengi walirudia kwao, maelfu wakabaki, na wafanyabiashara na makarani wa kihindi wakaja kuongezeka. Hawa nao walipenda kriketi. Nairobi, mwaka 1910, mechi ya kila mwaka ilianza: wakubwa wa serikali na walowezi. Mwaka 1914 Uganda ilikutana na ekipe ya inchi yenye leo ni Kenya.

Ile milango miwili ya Uingereza, huku Afrika ikakuwa mingi. Wazungu walikuwa na klabu yao, Wagoa yao, Waislamu yao, Wahindu yao. Mwafrika alikuwa mwenye kukata majani ya uwanja na kurudisha mupira ukitoka inje. Yeye aliipata kriketi kwa njia ya mashule ya wamisionari, na katika Uganda ile njia ilikuwa pana kuliko pahali pengine.

Mwaka 1975, katika kombe la kwanza la dunia, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walipeleka ekipe moja, Afrika ya Mashariki. Kapiteni alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Wengi walikuwa wa asili ya kihindi. Kati yao alikuwa Sam Walusimbi wa Uganda, na John Nagenda, mwandishi. Walipoteza mechi zote tatu. Uganda ilikuwa imeumia zaidi: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 watoke katika inchi, na klabu zao zikabaki bila watu. Muchezo ukabaki mikononi mwa vijana wa mashuleni, na wa kando ya uwanja wa Lugogo, Kampala.

Wale vijana hawakuuacha. Kenya ilitangulia: mwaka 1996 iliwapiga West Indies, mabingwa wa zamani, na mwaka 2003 ikafika nusu-finali ya kombe la dunia. Halafu zamu ya Uganda. Novemba 2023, kule Namibia, iliishinda Zimbabwe na ikapata tiketi ya kombe la dunia la mechi fupi. Mwezi wa sita 2024, kule Guyana, ikaishinda Papua New Guinea. Muzee wa ekipe, Frank Nsubuga, alikuwa na miaka 43. Alitupa mipira 24, akatoa pointi 4 tu, akatosha wapigaji wawili. Alianza kucheza mechi za kimataifa akiwa na miaka 16. Siku chache nyuma West Indies waliwapiga Waganda vibaya, wakatoka na pointi 39 peke yake. Lakini walikuwa wameingia kwa mulango wa mbele.

Karatasi yetu

Wachimbaji wenzangu, mwaka 2018 sheria ya madini ya inchi yetu iligeuzwa. Muchimbaji wa mikono anapaswa kuwa katika kooperative yenye kukubaliwa. Kwa hiyo karatasi zinaandikwa sasa, katika karieri nyingi za Ituri. Nimeona zingine. Ziko na majina ya wakubwa, muhuri, na sahihi. Mutwangaji wa mawe, mupompaji wa maji, mama mwenye kusafisha muchanga: mara nyingi hawakuitwa wakati zilipoandikwa. Watazisikia siku ya kugawanya.

Thomas White alikuja na mbao pana kama mulango kwa sababu hapakuwa na kipimo. Kwetu mbao pana ni deni la mazutu lenye halina karatasi, na ni mizani yenye hakuna mutu anaweza kuipima. Watu wa Hambledon walilalamika kwa karatasi, pamoja. Sisi tunalalamika jioni, kwa pombe, kila mutu na rafiki yake.

Kwa hiyo kooperative yenu ikiita mukutano wa kuandika kanuni, mwende. Mwenye kusoma amusomee mwenye hajui, kwa sauti, toka mustari wa kwanza mpaka wa mwisho. Muulize deni zinahesabiwa namna gani, na nani anashika daftari. Na mukiitwa mumoja mumoja, mujibu ya kwamba mutakuja pamoja.

Katika mukutano wetu wa sendika wenye unakuja, mimi nitaomba mustari mumoja uandikwe mbele ya yote. Ni ule wa duke wa Richmond, lakini nimeugeuza: kila mwenye kushuka katika shimo ana haki ya kusema juu ya shimo, na hakuna mutu atafukuzwa juu ya kuuliza.